Sola ya Ijara

Niliitwa Sudi kuwa shahidi wa mauziano ya nyumba, na yaliyotukia katika mauziano yale ndiyo yaliyonitia katika kuandika makala hii, kwani nilitoka kule nikiwa na yakini kwamba watu waungwana, wasio na hila wala tamaa, waliingia katika madhara kwa sababu ya neno moja lililotumika pahali pasipo pake. Sudi ni mji mdogo wa kale, umekaa juu ya ghuba yake kusini ya Lindi, katika ile sehemu ya pwani ambayo wazee waliiita Mgao. Nyumba yenyewe ilikuwa ya matofali, vyumba vitatu, paa la bati, na ua wenye minazi; muuzaji alikuwa bi mzee aliyekusudia kuhamia kwa mwanawe Lindi mjini, na mnunuzi kijana mwalimu aliyetaka kutua na mkewe. Tulikaa barazani, mwenyekiti wa kitongoji akiwapo, na mmoja wetu ameshika kalamu.

"Andika, mwanangu," alisema yule bibi, "minazi iliyomo uani ni minane, lakini miwili ile ya upande wa kibla si yangu. Ilikuwa ya dada yangu marehemu, na sasa ni ya wanawe. Mwenye kununua asije akaiangua."

"Nimesikia, bibi," mwalimu alijibu, "sitaigusa."

"Na sola iliyo juu ya bati?" aliuliza mwenye kalamu.

"Sola ni yangu, nimeichukua kwa mkopo."

Hapana aliyeuliza zaidi, wala mimi sikuuliza, nami ndiye niliyekuwa na wajibu wa kuuliza. Kalamu ikaandika "pamoja na sola", tukatia sahihi, tukanywa kahawa, tukaagana. Mwezi wa tatu baada ya hapo taa zikazimika zote usiku mmoja, ilhali jua la mchana lilikuwa kali na betri haikuwa na ila. Mwalimu alipopiga simu kwa wakala akaelezwa kwamba chombo kimefungwa kwa kuwa malipo yamekoma, kwamba chombo hicho ni mali ya kampuni mpaka malipo ya mwisho, na kwamba yeye mwalimu hajulikani katika mkataba wowote. Bi mzee naye alikuwa ameacha kulipa kwa nia njema kabisa, maana alidhani kwamba aliyenunua nyumba amenunua na deni lililo juu yake.

Mtu asiyekijua chombo hiki huenda akastaajabu jinsi kampuni iliyo mbali inavyoweza kuzima taa ya nyumba ya Sudi bila ya fundi kupanda juu ya paa. Jambo lenyewe si gumu. Paneli huchukua nuru ya jua na kuigeuza umeme, umeme huo hupita katika kidhibiti na kuhifadhiwa katika betri, na ndani ya kidhibiti hicho kampuni huwa imetia kufuli isiyoonekana: ama kadi ya simu ambayo kwayo huletewa amri ya kufunga na kufungua, ama mashine ya kupokea namba za siri ambazo mteja hupewa kila anapolipa kwa simu. Akilipa siku saba, chombo humtumikia siku saba, akichelewa, hulala. Kwa hiyo ni chombo chenye kumtambua aliyelipa, wala hakimtambui aliyelala ndani ya nyumba.

Vyombo vya namna hii vilienea Afrika ya Mashariki tangu mwaka 2012 na miaka iliyofuata, na katika vijiji vingi vya kusini sola ilitangulia nguzo za umeme. Gesi ya Songo Songo, katika wilaya ya Kilwa, iligunduliwa mwaka 1974 na ikaanza kuzalisha umeme Dar es Salaam mwaka 2004, na katika miaka hiyo watu wengi wa pwani ya Lindi walikuwa bado wanawasha koroboi. Silitaji hili kwa kulalamika, bali nimelitaja ili msomaji ajue kwamba sola kwa watu hawa haikuwa pambo. Ilikuwa taa ya kwanza ya mtoto kusomea, na aliyewaletea taa hiyo kwa malipo ya kidogo kidogo aliwatendea wema. Lakini wema huo ulikuja na mkataba, na mkataba ulikuja na maneno.

Na tuyatazame sasa maneno tuliyo nayo. Kiswahili, katika jambo la mtu kutumia kisicho chake, ni lugha yenye kupambanua kwa uangalifu mkubwa. Mtu akitwaa jembe la jirani ili alirudishe jioni, ameliazima, wala hapana malipo. Akitwaa kibaba cha mchele akakila kisha akarudisha kibaba kingine, au akichukua kanga dukani akaahidi kulipa mwisho wa mwezi, amekopa. Akitwaa chombo cha mtu kwenda nacho safari kwa malipo, amekikodi. Akikaa katika nyumba ya mtu kwa malipo ya kila mwezi, amepanga. Tofauti kubwa iliyomo katika maneno haya haihusu malipo tu. Aliyeazima, aliyekodi na aliyepanga sharti arudishe kitu kilekile. Aliyekopa harudishi kitu kilekile, kwa kuwa alichokopa kimekuwa chake tangu alipokipokea, na kilichobaki shingoni mwake ni deni. Kanga ya mkopo huvaliwa, hupewa mtu zawadi, huuzwa hata, na mwenye duka hana haki ya kuivua mwilini mwa mtu. Haki yake ni fedha yake.

Hapo ndipo neno "mkopo" lilipomdanganya bi mzee wa Sudi. Wauzaji wengi wa sola wamezungumza na wateja kwa lugha ya kukopa, na kampuni moja mashuhuri iliyoanzia Kenya, M-KOPA, imelibeba neno hilo hata katika jina lake. Mpango wake uliojulikana sana ulikuwa mteja kutoa arbuni, kisha kulipa shilingi 50 za Kenya kila siku kwa muda wa mwaka mmoja. Sisemi kwamba jina hilo ni baya, kwani ni jepesi, lenye kukaa kinywani, na mtu wa kijijini hulielewa mara moja. Nasema tu kwamba neno mkopo humwambia msikiaji kwamba kitu ni chake na deni ni lake, na pale ambapo karatasi inasema kwamba kitu bado ni cha kampuni, mdomo wa muuzaji na karatasi yake havisemi neno moja. Bi mzee aliposema "sola ni yangu" alisema kweli kwa mujibu wa Kiswahili alichofundishwa na mama yake.

Basi je, tuseme "sola ya kukodi"? Hili ndilo neno ambalo wafasiri wengi hulikimbilia, na lina sifa moja ambayo lugha nyingine zingeitamani: kiambishi chake huonyesha nani yuko upande gani. Neno la Kiingereza la ukodishaji hutumika kwa anayetoa na kwa anayepokea pia, hata msomaji akalazimika kutafuta katika mkataba mzima ajue nani ni nani. Sisi tuna kukodi na kukodisha, kupanga na kupangisha, kukopa na kukopesha. Tofauti hii si ya darasani tu. Uingereza, katika mpango wa serikali ulioanza mwaka 2010 wa kuwalipa wenye kuzalisha umeme wa jua, ziliinuka kampuni zilizoweka paneli bure juu ya nyumba za watu, na mkataba wake ulikuwa kinyume cha wetu, maana mwenye nyumba ndiye aliyeikodisha kampuni paa lake, aghalabu kwa miaka 25. Aliyenunua nyumba kama hiyo hakukuta chombo kilichokodiwa. Alikuta paa lililokwisha kukodishwa. Kwa Kiswahili herufi chache zinatosha kubainisha mambo hayo mawili, na anayefasiri mkataba akazikosea herufi hizo atakuwa amempokonya mtu paa lake.

Lakini kodi ina aibu zake. Kwanza, "sola ya kukodi" kwa sikio la mtu wa kawaida ni kama gari la kukodi, yaani kitu kilichoko tayari kumngoja yeyote mwenye fedha, si kitu ambacho mtu mmoja amefungamana nacho kwa miaka. Pili, neno kodi limechukuliwa na serikali kwa kiasi kikubwa, na likitajwa pamoja na nyumba humkumbusha mtu kodi ya majengo, ambayo Tanzania tangu mwaka 2021 hukatwa katika ununuzi wa umeme wa LUKU. Ukimwambia mnunuzi kwamba juu ya nyumba mna sola yenye kodi, atadhani kwamba kuna ushuru mpya.

Liko na neno la tatu, nalo lina heshima ya kiofisi. Katika lugha ya Benki Kuu na ya wakuu wa fedha Tanzania, biashara ya kukodisha mitambo na vyombo imepata kuitwa karadha, na Bunge liliitungia sheria mwaka 2008. Kwa adabu yote nasema kwamba uteuzi huu haukuwa mwema. Karadha asili yake ni Kiarabu, na katika fikihi, yaani elimu ya sheria ya Kiislamu, iliyofundishwa pwani yetu kwa karne nyingi maana yake ni kumpa mtu mali aitumie apendavyo kisha arudishe mfano wake. Milki ya mali huhama siku hiyo hiyo. Ukodishaji ni kinyume chake, maana milki haihami, yanayohama ni manufaa peke yake. Kuita ukodishaji karadha ni sawa na kuita kuazima kununua. Naelewa kwamba waliolichagua walitaka neno lisilochakaa, wakaliona karadha limelala kamusini bila ya kazi. Lakini neno lililolala halikosi kuwa na ndoto zake, na karadha inaota deni, haioti chombo cha mtu kilicho mkononi mwa mwingine.

Neno ninalolipendekeza limekwisha kuwamo katika lugha, nalo ni ijara. Asili yake ndiyo asili ya ujira, ajira, kuajiri na mwajiri, na maana iliyomo katika maneno yote haya ni moja: malipo yanayotolewa kwa manufaa ya kitu au ya mtu, pasipo kitu au mtu yule kuwa milki ya anayelipa. Aliyemwajiri seremala amenunua kazi ya mikono yake kwa siku kadha, hakumnunua seremala. Wanazuoni wa fikihi waliieleza ijara kwa maneno mafupi kwamba ni mauziano ya manufaa, na kutokana na maelezo hayo wakatoa hukumu ambazo mwenye sola angefaidika nazo leo. Hukumu iliyo kubwa kwangu ni hii: maadamu kitu ni cha mwenyewe, hasara ya kitu hicho ni ya mwenyewe, isipokuwa aliyekichukua amefanya uzembe au uharibifu.

Msomaji wa bara huenda akaona jambo hili dogo, lakini mtu wa Lindi halioni dogo. Tarehe 15 Aprili 1952 tufani iliupiga mji wa Lindi, na watu wazima wa siku zile waliusimulia usiku ule mpaka wakafa. Mei 2024 kimbunga Hidaya kiliingia pwani yetu, maji yakaibomoa barabara ya kwenda Dar es Salaam pale Somanga, na Kilwa na Lindi zikakatika. Upepo unaong'oa bati hung'oa na paneli iliyo juu yake. Asubuhi yake mwenye nyumba husimama uani akijiuliza kama ataendelea kulipia chombo kilicholala baharini. Ikiwa chombo ni cha mkopo, atalipa, kwa kuwa kilichopotea kilikuwa chake. Ikiwa ni cha ijara safi, haki ni kwamba aliyepotelewa ni kampuni. Mkataba unaweza kuweka sharti jingine, na mingi huweka, lakini neno likiwa sahihi mtu atajua cha kuuliza kabla upepo haujaja.

Mabenki yanayofuata sheria ya Kiislamu, kama Amana Bank iliyoanza Tanzania mwaka 2011, huuza huduma kwa jina hilo hilo la ijara, kwa hiyo neno si geni sokoni. Mabenki hayo pia hupambanua ijara ambayo mwisho wake chombo humrudia mwenyewe, na ijara ambayo mwisho wake chombo huwa cha aliyelipa. Hii ya pili naiita ijara ya kumilikisha. Tofauti hizi zimeonekana nchini mwetu kwa macho: kampuni ya Off Grid Electric ya Arusha ilianza kwa kuuza huduma ya umeme huku chombo kikibaki chake, baadaye ikageukia mipango ya mteja kumiliki; kampuni ya Mobisol ya Berlin iliuza kwa malipo ya miezi 36 hadi chombo kiwe cha mteja, kisha mwaka 2019 ikafilisika na kununuliwa na Engie ya Ufaransa. Mteja wa kijijini alilala ana mkataba na Mjerumani akaamka anao na Mfaransa. Milki ya kampuni ilihama juu ya paa lake bila yeye kuhisi mtikiso. Yeye akitaka kuhamisha nyumba yake mwenyewe, hapo ndipo anapogundua kwamba sola haihami kwa ulimi wa muuzaji peke yake.

Sasa nirudi katika minazi ya Sudi, kwa sababu naona kwamba hapo ndipo hekima ya pwani ilipokuwa imetungoja. Desturi ya zamani ya pwani yetu, Unguja na Mafia na katika Mrima, ni kwamba ardhi inaweza kuwa ya mtu na mti uliomo ukawa wa mtu mwingine. Mnazi huuzwa bila ya shamba, hurithiwa bila ya shamba, huwekwa rehani bila ya shamba. Sheria ya Ardhi ya Tanzania, Na. 4 ya mwaka 1999, inatafsiri ardhi kwa njia nyingine, ikitia ndani yake vimeavyo juu yake na majengo yaliyoshikamana nayo daima. Nayo ndiyo fikra ya Waingereza, kwamba kilichopandwa katika ardhi kimekuwa ardhi. Kwa mizani ya fikra hiyo mtu huweza kudhani kwamba paneli iliyopigwa misumari juu ya bati imekuwa nyumba, na ndiyo sababu kampuni hujihadhari kwa kuandika mikataba mirefu. Lakini mtoto wa Sudi aliyekua akiambiwa "huu mnazi si wetu" hana haja ya mkataba mrefu ili aelewe kwamba juu ya paa lake pana kitu kisicho chake. Bi mzee alitaja minazi miwili bila ya kuulizwa. Angaliambiwa tangu siku ya kwanza kwamba sola ile ni ya ijara, yaani iko juu ya bati kama mnazi wa dada yake ulivyo uani, angaliitaja vilevile.

Na akishaitaja, maneno mengine ya zamani huja yenyewe. Akitaka kulipa yote yaliyobaki ili auze nyumba na sola pamoja, atakuwa ameikomboa, kama mtu anavyokomboa shamba lililo katika rehani. Akitaka mnunuzi aendelee na malipo, atakuwa ameihawilisha, na hawala, kama wajuavyo wafanya biashara wa pwani, ni jambo la watu watatu, halitimii mpaka mwenye haki awe ameridhia. Marekani, ambako wako jamaa zetu wengi wanaonunua nyumba, mikataba ya sola ya kampuni kama Sunrun, na ya iliyokuwa SolarCity, imekuwa ya miaka 20 au 25, kampuni huweka taarifa ya haki yake katika daftari la serikali ili kila mnunuzi ajue paneli ni za nani, na mnunuzi huchunguzwa kwanza kama ni mlipaji mwema kabla ya kukubaliwa kuushika mkataba. Mauziano mengine ya nyumba huko hukawia kwa ajili ya paa. Jamaa aliyeko kule, akiulizwa na dalali kama ataihawilisha au ataikomboa, afadhali awe na maneno hayo mawili kwa lugha yake kabla hajatia sahihi kwa lugha ya wenyewe.

Nimeambiwa na rafiki mmoja kwamba ijara litachanganyika na ujira, na kwamba lina harufu ya msikitini. Juu ya la kwanza nasema kwamba maneno ndugu hayachanganyiki kwa kuwa ni ndugu. Hatuchanganyi mkopo na mkopaji. Walakini nakubali kwamba jina la mwajiri limekwisha kuchukuliwa na wenye viwanda na ofisi, kwa hiyo kwa wahusika tubaki na mkodishaji na mkodi. Juu ya la pili, rehani, dhamana, hati, sahihi, shahidi na mkataba yote yamepitia mlango huo huo, na leo yanatumiwa na kila Mtanzania mahakamani bila ya kuulizwa dini yake. Tangu Sheria Na. 1 ya mwaka 2021 ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama Tanzania, haja ya maneno yenye mipaka imekuwa kubwa kuliko wakati wowote, nami nawaomba Baraza la Kiswahili la Taifa walipime neno hili pamoja na karadha, waseme lipi linataja mwenye mali.

Mambo ya Sudi yalimalizika kwa suluhu. Bi mzee alirudisha katika bei kiasi cha malipo yaliyobaki, mwalimu akalipa yaliyokuwa yamekoma, taa zikawaka, na wakala akaja mwenyewe barazani na karatasi zake. Hati ya mauziano iliandikwa upya, na chini ya mstari wa minazi mna maneno haya: "Sola iliyo juu ya bati ni ya ijara ya kumilikisha, imebaki miezi kumi na minne, mwenyewe ameridhia ihawilishwe kwa mnunuzi." Wametia sahihi muuzaji, mnunuzi, mwenyekiti na wakala, nami nimetia yangu ya shahidi kwa mara ya pili.